Kisu Kinafungua Mlango Tu

Bunia, Nyakasanza
Jumamosi, tarehe 21 mwezi wa pili, 2004

Mpendwa mke wangu, Mama Neema,

Ngozi imekauka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula. Asubuhi hii nimeigonga kwa kidole, nikasikia ile sauti kavu uliyonifundisha kuingoja, kisha nikaketi kwenye kiti chako kifupi cha jikoni ili nikuandikie. Ni ngozi ya moimbo, yule swala mkubwa wa msituni mwenye mgongo wa njano, kama ile ya kwanza. Haina tundu hata moja. Ukitaka, soma tena: hata moja.

Kesho tunamaliza matanga yako kanisani. Wenzako waimbaji wa korali walikuwa tayari kuyamaliza tangu mwezi wa kumi na moja kwa kupiga makofi tu, na mimi nikakataa. Nilisimama mbele yao, mimi ambaye sisemagi, nikasema kwamba mwanamke aliyepiga ngoma ya kanisa hili miaka yote ile hawezi kuagwa bila ngoma. Nikasema ngozi nitaileta mimi mwenyewe. Waliijua vizuri mikono yangu isiyo na subira. Dada Bernadeta, rafiki yako, ndiye aliyesema kwa upole, "Baba Neema, weye uko seremala. Utaitoboa ngozi." Nikamjibu kwamba sitaitoboa. Basi ndivyo nilivyojifunga kwa mdomo wangu, nikiwa sina hata kisu.

Ngoma yenyewe haikufa. Tuliporudi nyumbani kutoka kambi ya wakimbizi, mimi na Neema bila wewe, nilikwenda kanisani siku ya pili. Benchi nilizozipiga randa kwa mikono hii zilikuwa zimegeuzwa kuni. Ngoma ilikuwa imelala chini ya altare, ngozi yake imepasuliwa kwa kisu toka ukingo mpaka ukingo, mara mbili, kama msalaba. Wapiganaji walioipasua walidhani tumeficha vitu ndani. Nilitia mkono nami, sijui kwa nini, nikakuta vumbi tu. Lakini mti wake ulikuwa mzima. Nikaupangusa kwa shati langu, nikaubeba begani mpaka nyumbani, na watu njiani walinipisha kana kwamba nimebeba mtu.

Na kisu chetu cha kuchunia, unajua kilikobaki. Siku ile ya kukimbia, walinzi wa kambi walisema kila mwenye chuma akiache langoni. Kulikuwa na rundo la mapanga, majembe, shoka, hata visu vya kumenyea mihogo. Watu walitupa vyao na kuingia haraka. Wewe ulikichomoa kwenye kitenge, ukainama, ukakilaza pembeni mwa rundo, makali yakitazama chini, kama unavyomlaza mtoto aliyelala. Ukaniambia, "Tukitoka tutakichukua." Siku nane baadaye tumbo la kuhara lilikuanza, na siku ya kumi na mbili nilitoka peke yangu na Neema. Rundo halikuwapo. Sikumuuliza mtu.

Nisikae hapo. Nataka kukusimulia jinsi nilivyochagua kisu, kwa sababu nilichagua vizuri, na hakuna mtu mwingine Bunia ambaye angeelewa.

Lakini huwezi kunielewa bila kucheka kwanza, na najua utacheka kisu gani.

Unakumbuka kisu changu cha komando. Nilikipata kwa dereva wa kamyo, miaka ile ambayo vita ilikuwa imeanza kututia ukichaa sote. Kilikuwa kirefu kama mkono wa mtoto, kinang'aa, na mgongoni kilikuwa na meno kama msumeno. Nilikitia kiunoni nikajiona mwindaji. Kila kiangazi nilikuwa nikienda barabara ya Niania, kwa Musa rafiki yangu, kuwinda naye kwa nyavu, na siku zote niliazima kisu chake. Sasa nilikuwa na changu. Ulikiangalia mara moja tu, ukaendelea kuchambua maharage. "Baba Neema," ulisema, "unaenda kutafuta nyama ao unaenda kutafuta kifo?" Nilinuna. Wewe ulikuwa binti wa mchinjaji wa Kpandroma, umekua kati ya kondoo na mbuzi waliotundikwa, na ukauza nyama sokoni tangu tuoane. Ningepaswa kukusikiliza. Lakini mwanaume akipenda kitu kinachong'aa, masikio yake yanaziba.

Siku ile tulikuwa tunarudi kutoka Mambasa na mzigo wako wa nyama kavu, juu ya kamyo, na kabla ya Komanda tukakuta bariyeri. Kamba imefungwa kati ya mapipa mawili, wanaume sita wenye bunduki, mbuzi mmoja aliyechinjwa amening'inia kwenye tawi, bado na ngozi yake. Walitushusha wote. Mkubwa wao, mwenye kofia ya sufu katika jua lile, akapapasa kiuno changu na kukichomoa kisu. Akakigeuza mbele ya macho yangu.

"Hii ya nani?"

"Yangu, shefu."

"Weye uko soda?"

"Hapana, shefu. Siko askari. Niko seremala."

"Seremala na kisu ya meno? Unapasula mbao nayo?"

"Ni ya kuchuna nyama."

Akacheka kidogo, na wenzake hawakucheka. "Nyama gani? Ya miguu mine, ao ya miguu mbili?"

Abiria waliokuwa karibu nami walirudi nyuma hatua moja. Nilisikia hatua ile kuliko nilivyosikia swali. Mmoja wa wale wenye bunduki alikwisha kunishika kola kunipeleka nyuma ya mapipa, na sote tulijua watu wanapelekwa nyuma ya mapipa kufanywa nini. Ndipo nikasikia sauti yako, ile ya sokoni, ya kumjibu mteja anayelalamika mifupa.

"Shefu, samahani. Ile mubuzi yenu, nani ataichuna?"

Akageuka. "Inakuangalia nini, mama? Ni mambo yako?"

"Inaniangalia. Nzi batamaliza ile nyama mbele yenu. Mumupatie huyu bwana achune na ile kisu yake. Kama ni mutu wa vita, mutaona. Kama ni mupumbafu, mutaona vilevile."

Nilikuchukia kwa nukta moja. Nikuambie ukweli. Kisha yule wa kofia akanitupia kisu miguuni, akasema, "Chuna."

Nilichuna, Mama Neema. Mungu ni shahidi, nilijitahidi kwa nguvu zangu zote kufanya vizuri, na kama ningefaulu ningekufa. Ncha ile ndefu iliingia ngozi ikatoka upande wa pili. Yale meno ya mgongoni yakashika manyoya na kuyavuta. Nilipofika tumboni ncha ikazama zaidi ya nilivyotaka, utumbo ukapasuka, na harufu ikawafanya wale wanaume kuziba pua na kulalamika. "Acha, acha! Anaharibu chakula!" Mmoja alikuwa amekaa chini kwa kicheko. "Huyu soda? Huyu hata kuku inaweza kumupiga!"

Ukaniondoa kwa kiwiko. Ukatoa kwenye kikapu kisu chako cha jikoni, kifupi, cheusi, kilichoisha kwa kunolewa, ukafungua ngozi pale tu ilipohitaji kufunguliwa: ndani ya miguu, na mstari mmoja katikati. Halafu ukakiweka kisu mdomoni, ukakunja ngumi, ukaisukuma kati ya ngozi na nyama. Ngozi ikatoka kama sweta. Sijui kama hata maji ya chai yangechemka kwa muda ule. Mkubwa wao aliangalia mpaka mwisho, akasema taratibu, "Mama yangu alikuwa anafanya vile." Wakatuachilia. Kisu cha komando kikabaki kwao, na ninamuonea huruma kila aliyejaribu kuchuna nacho.

Hukucheka mpaka Komanda. Tulipofika, tukashuka kunywa maji, ukaanza kucheka hadi ukakaa kwenye vumbi, kitenge na vyote, na machozi yakatoka, na yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha. Nilikaa karibu nawe. Ndipo uliponiambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile. "Kisu inafungua mulango tu, Baba Neema. Kuingia, unaingia na ngumi."

Wiki iliyofuata ulinishika mkono ukanipeleka kwa Marto, yule fundi wa chuma nyuma ya soko, ambaye jina lake halisi hakuna anayelijua, wote tunamwita kwa jina la nyundo yake. Hukumuuliza kisu kizuri ni kipi. Ulimuuliza chuma kimetoka wapi. Akasema hiki ni cha tupa ya zamani, hiki ni cha resori, ile springi ya gari. Ukaweka cha tupa pembeni: kikali, ukasema, lakini kikigusa mfupa kinavunjika, na kipande kinabaki ndani ya nyama ya mtu. Akakuonyesha cha kukunja, kilichotoka ng'ambo. Ukakifungua, ukanusa kiungo chake kama unavyonusa samaki. Cha kukunja damu na mafuta vinajificha pale kati, ukasema, na siku ukisukuma kwa nguvu kinakukunjia vidole. Kisu cha kuchunia kiwe kipande kimoja, chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho.

Kisha ukaniambia nigeuke, niweke mikono nyuma. Ukanitia kisu mkononi.

"Makali iko wapi?"

"Chini."

"Iko yulu. Umeshajikata. Marto, lete ingine."

Kina mama wa mihogo walisimama kutazama. Mmoja akaita, "Mama Neema, unafunga bwana yako?" Ukamjibu bila kugeuka, "Ninafunga ujinga yake tu. Ye mwenyewe nitamuachilia."

Cha tatu nilikijua. Mpini wake haukuwa wa mviringo. Ulikuwa kama yai, na mkono wangu ulijua makali yako wapi bila jicho kuulizwa. Ulinieleza njiani: ndani ya ngozi hakuna mwanga, mkono ndio unaoona. Marto alipotaka kukiongezea ncha kali, ulimwambia aiondoe, aiteremshe na kuifanya butu kama ukucha wa kidole gumba. Ncha inatafuta utumbo, ulisema. Na sote watatu tulijua bila kusema kwamba kisu kisicho na ncha, kifupi kama kiganja, hata kwenye bariyeri kinaweza kueleza kazi yake.

Kwa kisu kile nilichuna moimbo wa ngozi ile ya kwanza ya ngoma yako. Nilifanya vizuri mpaka mguu wa kushoto wa nyuma. Pale, ngozi inaposhikana na mshipa wa goti, nilikosa subira, nikatumia kisu badala ya ngumi, kikapita. Tundu dogo, la kuingia punje ya hindi. Nilileta ngozi nyumbani kama mtoto aliyevunja sahani. Wewe uliinua ile ngozi kwenye mwanga, ukaliona mara moja, ukaniangalia, ukaniambia nifunge mlango. Tulipoivisha kwenye mti wa ngoma uliizungusha mpaka tundu likaangukia ukingoni, ukagongea kigingi juu yake. Padri akaibariki. Korali ikakupigia vigelegele. Na kila Jumapili, ukiwa umekaa nyuma ya ngoma, kabla ya pigo la kwanza, uligusa kile kigingi kwa kidole kidogo na kunitafuta kwa macho nyuma ya kanisa. Hakuna mtu aliyejua. Mimi nilikuwa naangalia chini ili nisicheke wakati wa sala.

Sasa nikusimulie cha mwezi uliopita.

Nilikwenda kwa Marto peke yangu. Amezeeka; vita imemnyang'anya jicho moja la kazi, linatoa machozi siku nzima. Meza yake ilikuwa imejaa visu virefu. "Siku hizi batu banapenda ndefu," akasema, kama anayeomba msamaha. Ng'ombe wameisha Bunia, nyama inayochunwa ni kidogo, na kila mtu anataka kisu cha kulala nacho. Akanichagulia kimoja kizuri kwa macho, mpini wa rangi, akakipangusa kwa kitambaa.

Niliuliza chuma kimetoka wapi. Nikakinusa pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Nikageuka, nikaweka mikono nyuma katikati ya soko, nikafumba macho. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, kisu mgongoni, macho yamefumbwa, katika mji ambamo watu wamejifunza kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Nilisikia sandali zikiondoka upande huu na upande ule. Mama mmoja wa mihogo akauliza, "Huyu baba anaomba ao anataka kuua?" Marto akamwambia, "Muache. Anachagua." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Neema, leo nani amekufunga?"

"Ni ye yule," nikasema.

Akapangusa jicho, ambalo kwa kweli hulipangusa kila mara, na akanitilia kingine mkononi, na kingine, na kingine. Vyote vinne nilivirudisha. Kimoja kilikuwa cha tupa. Viwili mpini ulikuwa wa mviringo, unaudanganya mkono. Cha nne kilikuwa kizuri ila kirefu, na nilimwambia kirefu kinaleta tamaa ya kukata. Nilikuwa karibu kuondoka nilipokiona kingine, chini, kwenye majivu karibu na mguu wake. Kifupi, cheusi, mpini wake wa mpera umelainika kwa jasho.

"Na kile?"

"Kile? Kile nakatia kamba tu."

"Chuma?"

"Resori. Ya kamyo iliyounguaga pale Nyakasanza."

Nikakishika nyuma ya mgongo. Mama Neema, mkono wangu ulikijua kama ulivyokujua wewe kwenye giza la chumba chetu. Nilikaa kando ya jiwe la kunoa nikateremsha ncha mimi mwenyewe, taratibu, kwa maji, mpaka ikawa kama ukucha wa kidole gumba. Marto alinitazama kwa jicho lake zima. "Amekufundisha," akasema. Nikamwambia ndiyo. Sikusema kwa huzuni. Nilisema kama mtu anayetaja shule aliyosoma.

Kwenye bariyeri mbili za njiani walikitoa kiunoni mwangu, wakakiangalia, wakanirudishia. Wa pili hata alicheka: "Muzee, hii inakata nini, siagi?" Nikamwambia inafungua mlango. Hakuelewa, akainua kamba nikapita.

Musa yupo, yeye na mkewe, wamekonda lakini wapo. Walikulilia kwanza pamoja nami, kama inavyopasa. Niliwaambia ninachokuja kutafuta, na tukapatana mara moja: nyama yote yao, ngozi yangu. Siku nne nyavu zilituletea mboloko tu, wale swala wadogo ambao ngozi yao haitoshi hata ngoma ya mtoto. Nilianza kuhesabu Jumapili. Siku ya tano, saa tatu asubuhi, mbwa walibadilisha sauti, wavu ukavutika na kukaza, na alikuwa moimbo, dume zima.

Kwao mnyama hachunwi. Wanachoma manyoya kwenye moto, wanakwangua, wanakata na ngozi yake, na ni tamu hivyo. Vijiti vya moto vilikuwa vimeshaletwa. Nikasimama mbele ya moto na kutandaza mikono. Musa akacheka, akawaambia ndugu zake wangoje waone kichaa cha Bunia. Wakakaa kwa mduara. Unajua ninavyokosea watu wakinitazama.

Nilifungua ndani ya miguu. Nilifungua mstari wa katikati, ncha butu ikielea juu ya tumbo bila kuligusa. Halafu nikakiweka kisu mdomoni, kama wewe, nikaonja mpera na moshi wa Marto, nikakunja ngumi. Ngozi ikaanza kuachia kwa ile sauti ya kitambaa kinachopasuka mbali. "Angalia," Musa akawaambia wenzake, "anachuna sawa mutu anavalisha mutoto nguo." Mkewe akamjibu, "Anavua, havalishi. Weye hata mutoto yako hujawahi kumuvalisha." Wakacheka, nami nikaisukuma ngumi ndani zaidi.

Nikafika mguu wa kushoto wa nyuma.

Pale pale. Ngozi ilishika. Ngumi ikasukuma, ngozi ikakataa kuachia. Nikasukuma tena. Jasho liliniingia machoni na sikuona tena kitu, na mkono wa kulia, mkono huu wa useremala usio na subira, ulikwenda wenyewe mdomoni kukichukua kisu. Nilikishika. Nilikuwa nimekwisha kukiingiza chini ya ngozi. Kama ningekata, ingechukua nukta moja, na kesho tungekuaga kwa makofi, na Dada Bernadeta asingesema neno, angeniangalia tu kwa huruma.

Nikafumba macho. Mkono ukaniambia makali yako wapi: yalikuwa yanatazama ngozi. Nikakitoa, nikakilaza chini juu ya jani, makali yakitazama ardhi. Kisha nikatia kidole gumba badala ya ngumi, nikasugua ule mshipa polepole, kama ulivyokuwa ukinisugua goti siku za baridi. Ilichukua muda mrefu. Moto wao ulififia, mtu akaenda kuongeza kuni. Halafu pakaachia, paa, mara moja, na ngozi yote ikaja mikononi mwangu, nzito, ya moto bado. Nikaiinua kwenye mwanga unaoingia kati ya miti. Nikaitafuta nuru ndani yake. Hakuna. Nikaigeuza. Hakuna.

Musa akaniuliza mbona nalia, nyama iko mingi. Nikamwambia ni moshi.

Jumatatu hii tuliivisha kwenye ngoma, mimi na Neema. Yeye ndiye atakayepiga kesho. Ana mikono yako, na pia ana mdomo wako: aliniambia mpiga ngoma mwenye baba seremala ana bahati, anaweza kukosa wimbo lakini hatakosa kiti. Nilipokuwa natoa mabaki ya ngozi ya zamani ili kuweka hii, niling'oa vigingi kimoja kimoja. Chini ya kile kigingi chako nikakuta kipande kidogo kimebaki, kimeshikana na mti, na katikati yake tundu langu, la kuingia punje ya hindi. Neema akauliza, "Papa, hiyo nini?" Nikamwambia, "Ni kitu ya mama yako na miye." Hakuuliza tena. Ni mtoto mzuri.

Nilikipangusa kipande kile, nikakitia ndani ya ngoma, kabla ya kufunga. Wale waliopasua walitafuta kitu kilichofichwa wakakuta vumbi. Sasa kimo. Kesho watu watasikia ngoma nzima isiyo na kasoro, na wewe peke yako utajua kilicho ndani.

Kisu nimekinoa, nimekipaka mafuta, kiko juu ya kabati lako. Sitaki kingine. Kiangazi kijacho nitarudi kwa Musa, na watu wa Kanisa la chini wamekwisha kuniuliza kama ninaweza kuwatafutia ngozi ya ngoma yao. Nimewaambia ndiyo. Sikusita. Nimekuwa mtu anayeweza kusema ndiyo juu ya ngozi, na umenifanya wewe, kule Komanda, ukiwa umekaa kwenye vumbi.

Kesho nitakaa nyuma, karibu na mlango, mahali pangu. Sitapiga makofi, unajua ninavyoharibu mapigo. Kabla ya pigo la kwanza, Neema atagusa kile kigingi chako, nilichokirudisha mahali pake, kwa kidole kidogo. Sijamwambia kwa nini. Nimemuomba tu afanye hivyo. Na mimi nitaangalia chini.

Ukisikia, unikumbuke.

Mume wako,
Baba Neema